Alijuaje Neno la Mwisho?

Rebeka Nkwabi hakuwahi kufeli insha tangu ashike kalamu. Kule Buzuruga, alikofundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kujiunga na chuo, mtu akifiwa, wasifu wa marehemu aliandika yeye, na ukisomwa hata waliokaa nje ya turubai hufuta machozi. Kwa hiyo siku Daktari Evelina Kashindye aliporudisha insha za uhakiki, Rebeka alinyoosha mkono huku akitabasamu. Tabasamu likamganda usoni.

Alikuwa amefeli, tena vibaya. Chini ya kurasa zilizojaa methali na tamathali, mhadhiri aliandika kwa wino wa kijani: "Umenisimulia hadithi niliyokwisha kuisoma. Wewe unasema nini?"

Mashimba, kijana wa Sengerema aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alichungulia, akashtuka kuliko mwenye insha, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Precious, wewe? Kama wewe umepata hiyo, sisi wengine si tufungashe virago!"

Rebeka aliikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akakaa anatazama ubao kama mtu aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

Hadithi yenyewe waliyopewa kuihakiki ilikuwa ya kurasa chache tu. Mzee mmoja wa kisiwani anasimulia jinsi mdogo wake alivyozama ziwani, alipokwenda peke yake kutazama nyavu kabla hakujapambazuka. Yeye, anasema, siku hiyo alikuwa na homa, amelala ndani, mama yao akamnywesha uji. Tangu hapo amemtunza mjane wa mdogo wake na kuwalea watoto wao kama wake, na kila mwaka hunyunyiza unga majini kumkumbuka. Darasa zima liliandika jambo lilelile: ni hadithi ya upendo wa ndugu.

Kesho yake alibisha hodi ofisini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umekuja kuuliza au kugombana?"

"Vyote viwili."

Daktari Evelina, mama aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alicheka akamwonyesha kiti. "Kiswahili chako ni kitamu, nacho ndicho kinachokuponza. Unaipamba hadithi badala ya kuisoma. Umeandika kwamba hadithi inaonyesha upendo. Nani atabisha? Insha ya uhakiki huanza pale unaposema jambo ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulikataa, halafu ukambana kwa maneno ya hadithi yenyewe mpaka afikiri upya."

"Sasa nianzie wapi?"

"Anzia panapokukera. Ukitafuna dagaa ukakuta mchanga, unatema upesi. Safari hii usiteme. Tafuna."

Jumamosi, baada ya kufua, Rebeka aliketi kibarazani na kopi yake. Alisoma mara ya kwanza, hakuna kitu. Akarudia polepole, kidole kikifuata maneno, mpaka akafika hapa: "Sweta lake lilikuwa jekundu, na maji yalipomfika mabegani likageuka jeusi. Neno lake la mwisho lilikuwa jina langu."

Aliupita mstari. Akarudi. Ulikuwa mstari uleule aliounukuu kwenye insha iliyofeli, akausifu kwamba una taswira nzuri inayoliza.

Alisimama ghafla hata karatasi zikatawanyika.

"Mungu wangu!"

Jirani yake Odeta, aliyekuwa akipepeta mchele hapo uani, aliruka. "Nini? Nyoka?"

"Odeta, huyu mtu alikuwa amelala ndani, anaumwa!"

"Mtu gani?"

"Wa kwenye hadithi! Mdogo wake alizama peke yake. Sasa yeye alijuaje sweta liligeuka jeusi? Nani alilisikia hilo jina likiitwa?"

Odeta aliuweka ungo chini taratibu. "Rebeka, usinitie hofu mchana kweupe."

Kila Rebeka alipokumbuka ule unga unaonyunyizwa majini kila mwaka, aliuona mkono wa mtu mwenye kuficha jambo.

Aliandika insha nyingine kwa hasira siku hiyohiyo, akamhukumu mzee: alimuua ndugu yake. Jumatatu akampelekea Daktari Evelina, naye akaanza kuisoma amesimama mlangoni. Alipofika katikati alivuta kiti akakaa. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Nimefundisha hadithi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema kwa sauti ndogo. "Sweta hili nimelipita kila mwaka. Kila mwaka!"

Rebeka alidhani mambo yamekwisha. Lakini yule mama akavua miwani. "Umesema alimuua. Nionyeshe mahali."

Rebeka alipekua mbele, akapekua nyuma. Hapakuwa na mahali.

"Pengine aliogopa tu, akashindwa kumwokoa," alisema.

"Pengine. Lakini hadithi imesema nini?"

"Kwamba alikuwepo. Na kwamba anaficha."

"Basi simama hapo. Ukisogea zaidi unatunga. Na ile homa? Na uji wa mama? Atakayekupinga ataanzia hapo. Usimkimbie, mkaribishe mwenyewe ndani ya insha yako."

Ndipo Rebeka alipogundua kwamba yule mama wa hadithini hasemi hata neno moja. Habari ya homa ni ya msimulizi peke yake, hakuna anayemshuhudia.

Aliandika upya. Methali zote alizifuta, na ziliuma kama jino linalong'olewa. Kila aya alitaka imfikishe msomaji mahali ambapo ile ya kabla haikufika. Mwisho hakuhubiri juu ya upendo. Alieleza kwamba hadithi inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kulia kwa dhati na bado akakitumia kilio chake kufunika jambo.

Alipoisoma darasani, kulizuka kelele. Mashimba alisimama kabla hajaruhusiwa.

"Mzee wa watu amelea yatima, leo unamwita mwongo? Tazama ukurasa wa pili: kulikuwa na taa za mitumbwi mingine ziwani. Hao wavuvi waliona, wakamsimulia!"

Rebeka aliutazama ukurasa wa pili. Taa zilikuwepo. Alizisoma mara ngapi asizione? "Katika giza lile," alijibu akitafuta pumzi, "rangi ya sweta huiona aliye karibu kabisa."

"Sauti ya anayezama husikika mbali. Maji huibeba!"

"Yaandike hayo, Mashimba," alisema Daktari Evelina. Naye akayaandika.

Insha zote mbili, ya Rebeka na ya Mashimba, zilipata alama za juu. Rebeka, ambaye alikwisha kuongeza aya nzima kuhusu zile taa, alizishika pamoja asiamini. Zilipingana kila ukurasa, na zote zimepita! Alikuwa amezoea kwamba jibu sahihi ni moja, na mwenye nalo ni mwalimu.

Leo anafundisha kidato cha tano huku Ilemela. Hadithi ile huwapa wanafunzi wake bila kuwaambia lolote, kisha hungoja. Mwaka huu binti mmoja alipaza sauti, kiti kikaanguka, darasa zima likageuka kumtazama. Binti hakuwa ameona sweta wala taa. Alikuwa anauliza kwa nini mjane wa marehemu hana jina, ilhali hata watoto wake wanatajwa kwa majina.

Rebeka aliichukua hadithi akaisoma upya, mdomo wazi.