Velveti Nyekundu ya Mark II

Dada Ketrina hajui kukasirika, kwa hiyo nakasirika mimi kwa niaba yake. Ninauza vitenge kibanda cha pili kutoka kwake hapa Tunduma, na tangu nimfahamu kazi yake ni moja, kushona viti vya magari. Siku hizi ni siti za bodaboda tu. Kipande cha leza nyeusi, ile ngozi ya bandia, sponji, pini kuzunguka, haya, anayefuata. Mtu aliyekuwa na jina hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka!

Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili, kijana wa hapa akipata gari haliachi lilivyo. Springi zinakatwa mpaka gari linakaribia kulala chini, buti linajazwa spika, nyuma inapachikwa spoila iliyofinyangwa na fundi wa mtaani. Likishapita kwa mafundi wote linapelekwa kwa Ketrina. Velveti nyekundu, au zambarau, imejazwa sponji vimistari vimistari kama maboga madogo, na uzi wa dhahabu pembeni. Jumapili watu wakitoka kanisani magari yalipangwa barabarani, milango wazi, kila mtu anachungulia ndani, na Wazambia wanavuka kuuliza, "Ba mayo, huyo mama aliyeshona viti hivi, yuko wapi?"

Sasa nani anashona? Gari linatoka bandarini na viti vyake, mwenyewe anaogopa hata kuvivua nailoni. Ukithubutu kulishusha, matuta yanakung'olea ekzosi kabla hujafika Chapwa. Magari aliyoshona Ketrina yameisha yote, mengine spea, mengine vyuma chakavu. Tulijua moja tu lililobaki zima: Mark II ya marehemu Zebedayo, aliyekuwa akinunua mahindi Msangano. Ilifungiwa ghalani tangu azikwe.

"Ile ikiondoka," Ketrina aliniambia siku moja, "hata wajukuu zangu watadhani nimeshona siti za pikipiki maisha yangu yote."

Basi wiki iliyopita Gasper, fundi wa bodi, akaja na habari kwamba Mark II imenunuliwa na kijana wa Vwawa anayeitwa Osward, na inaletwa kwa Ketrina ishughulikiwe viti. Weee! Ketrina hakungoja hata kumuuliza kijana anataka nini. Alivuka Nakonde siku hiyohiyo, akarudi na velveti nyekundu ya rangi ileile, akakaa kwenye cherehani anaimba pambio. Nilimtania kwamba hata boneti ataishonea.

Osward alikuja na gari lake. Ana adabu, siwezi kumnyima hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua mlango. Velveti ilikuwa imefifia kidogo, lakini hakuna uzi uliofumuka. Ketrina akaupapasa mshono wake, machozi yanamlengalenga, kisha akainua ile velveti mpya amwonyeshe.

"Hapana mama," Osward akasema. "Hii yote naomba uitoe. Tupo vijana tunaokusanya hizi Mark II, tunazirudisha zilivyotoka kiwandani. Springi nimeshaweka mpya, spoila nimetoa. Bado viti. Hizi mbwembwe zinaliharibu gari."

Mbwembwe! Nilitoka kibandani kwangu mikono kiunoni. "Wewe, unajua unaongea na nani? Aliyeshona ndiye huyo mbele yako!"

Kijana akatazama viatu vyake. "Samahani mama, sikujua. Kama hupendi, nitatafuta fundi mwingine."

Mimi ningemfukuza. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kuhudumia mteja. Ketrina akachukua wembe. Alisema huyo mwingine ataichana ovyo.

Alikata nyuzi zake taratibu, moja moja. Velveti ikaanza kuachia, na chini yake kikatokea kitambaa cha kijivu cha kiwandani, safi, hakina doa wala tundu. Mafundi wenzake walikuwa wanachana cha zamani na kutupa. Yeye alikuwa akishonea juu yake, kwa mkono, akipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya mshono wa kiwanda. Kitambaa ni cha mwenye gari, alikuwa akituambia, yeye amepewa kukivalisha tu. Kama angekuwa mvivu kama wenzake, Osward asingekuwa na cha kurudisha, na ile velveti labda ingebaki. Nilitamani kulia kwa hasira.

Osward karibu aruke kwa furaha. Akaingia, akakaa kiti cha dereva, akalaza kiganja kwenye kile kitambaa cha kijivu na kukipitisha taratibu. Velveti nyekundu ilikuwa chini, miguuni pake.

"Mungu akubariki, mama," akasema, na alimaanisha kabisa. "Mtu atadhani hakuna fundi aliyewahi kuligusa gari hili."

"Asante, mwanangu," Ketrina akamjibu.