Kuchakuro wa Wakati wa Eda

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za mashua, haimwombi mtu ruhusa kabla ya kumwingia puani. Wiki iliyopita nilipita ufukweni Galu nikawakuta mafundi wakipaka chombo, nikajikuta nimesimama, leso puani, nacheka peke yangu. Nadhani waliniona punguani. Wangejua nilivyoitumia sifa nilipokuwa na miaka tisa, wangenificha hilo kopo lao.

Babu yangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na huko aliwaona wageni wakiwawekea ndege chakula. Alipostaafu aliuleta mtindo huo nyumbani kwetu Msambweni. Alisimika nguzo ya mvinje uani, akapigilia sinia kuukuu juu yake, na kila asubuhi akirudi msikitini aliweka chenga za mchele na machicha ya nazi. Majirani walimcheka, wakisema ndege wa Msambweni hawajapata kulalamika njaa. Yeye hakujali, na chiriku na tetere wakaja.

Babu alipofariki, bibi alikaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutakiwa kutoka, basi akawa anashinda kwenye mlango wa uani, tasbihi mkononi, macho kwenye sinia. Kuwawekea ndege chakula ikawa kazi yangu. Bibi alikuwa amekonda na maneno yamemwisha. Kidogo alichokula, alikila pale mlangoni akitazama. Nilimsikia mama akimwambia mjomba kwamba bibi akiacha na hicho kidogo, tutamzika naye pia. Maneno hayo yaliniingia, nikaogopa sana.

Taabu ilikuwa wageni wasioalikwa. Kuku niliwafukuza kwa fagio. Tumbili walikuja kwa kundi, wakala, wakaenda zao bila kuaga. Lakini kuchakuro mmoja, kindi mwenye mkia uliokatika nusu, alihamia kabisa. Alipanda nguzo, akaketi katikati ya sinia, akala kwa mikono miwili huku ndege wakimngoja amalize.

“Mwizi huyo kaja,” bibi alikuwa akisema kila asubuhi. “Mtazame, hata bismillahi hasomi.”

Mimi nikasikia malalamiko. Nilizungushia nguzo miiba ya mlimau, akaipita. Nikafunga kipande cha bati, akaruka kutoka kwenye mpera. Nikalikata tawi la mpera, na kwa hilo nilichapwa. Mwisho nikakumbuka kopo la sifa la mjomba, aliyekuwa fundi wa mashua. Kama mchwa wanaikimbia, nilijiambia, kuchakuro naye ana pua. Nikapaka nguzo, ukingo wa sinia na shina zima la mpera.

Kuchakuro hakuja tena. Badala yake walikuja kunguru, waliovutwa na uvundo wa samaki, na ndege wadogo wote wakatoweka.

“Mwizi hajaja leo?” bibi aliuliza siku ya pili.

“Nimemkomesha, bibi,” nikajibu, nikingoja kusifiwa.

Siku ya tatu hakuufungua mlango wa uani, na uji wake ulirudi jikoni kama ulivyopelekwa. Mama alisema ni harufu. Nilisugua nguzo kwa majivu na mchanga hadi viganja vikachubuka, na bado ilinuka. Nikaenda kwa mjomba nikalia, nikakiri yote. Hakunigombeza. Aliing'oa ile nguzo akaitupa mbali, akasimika mpya upande wa pili wa nyumba, chini ya dirisha la bibi, na sinia jipya juu yake. Nikaweka machicha, nikangoja.

Chiriku walirudi baada ya siku nne. Bibi alinywa uji nusu kikombe. Siku ya sita nilikuwa nafagia niliposikia sauti yake dirishani ikiniita.

“Mwanasha, njoo umwone. Mwizi wangu kaja.”

Kisha akacheka. Mama, aliyekuwa akikuna nazi, aliacha kukuna, akajifuta macho kwa ncha ya leso. Adhuhuri hiyo bibi aliomba samaki.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bibi alitaka tu mtu wa kumlaumu kila asubuhi. Mwaka juzi mume wangu alifariki, nikakaa eda mimi. Watu walikuja kwa wema, Mungu awalipe. Waliingia wakinyata, wakapunguza sauti, wakanitazama kwa huruma, wakaniambia nisubiri. Niliwashukuru, na jioni nilikuwa nimechoka nisiweze kuinua mkono. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Katika wote walioingia ua ule kwa miezi minne na siku kumi, kuchakuro peke yake ndiye ambaye hakuja kumpa pole.