Maimouna Aling'oa Mlango wa Nyumba ya Michezo

Maimouna aliajiriwa kucheza na watoto. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyowatangazia majirani zake pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka wa tisini na sita. Alikuwa mtu wa Kindu, mashariki mwa Kongo, aliyeuza vitenge mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, hadi vita vilipomfukuza yeye na binti yake Safi.

Shirika moja la Lilongwe lilikuwa limegeuza chumba cha gereza la zamani kuwa Nyumba ya Michezo. Ndani mlikuwa na mizani kubwa ya mbao, kapi za kuvutia ndoo, vioo vya kupotosha sura, na mifereji ya maji yenye magurudumu madogo. Mtoto aguse, avute, amwage, ajionee mwenyewe kwa nini maji yanashuka na ndoo inapanda.

Siku ya ufunguzi watoto walicheza mpaka wakalowa. Picha zikapigwa. Gari la wageni lilipoondoka, Hubert, mwalimu wa Bukavu aliyepewa usimamizi, akafunga kufuli.

Tangu hapo kazi ya Maimouna ikawa kupangusa vumbi, Hubert akimfungulia kisha akifunga tena. Watoto walining'inia kwenye nondo za dirisha wakimtazama. Wageni wakija, Hubert aliwachagua wenye nguo safi, wakacheza kidogo; wageni wakiondoka, aliwatoa.

Asubuhi moja Safi aliuliza, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Mama, bageni batakuja siku gani, tucheze?"

Maimouna alitupa kitambaa chini. Alimkuta Hubert nje kwake, ananyoa ndevu.

"Mwalimu, leta lufunguo."

"Kuna bageni?"

"Kuna batoto."

Hubert alijifuta povu shavuni. "Mama Safi, bakivunja, batasema sisi bakimbizi hatujue kuchunga kitu. Habataleta ingine. Na ni mi bataniuliza."

"Bakuulize! Kitu ya batoto, unaifungia batoto?"

Hubert hakutoa ufunguo. Maimouna akaamini kwamba wakubwa wa Lilongwe hawajui. Akadandia lori la mahindi, akashuka mtaa wa Old Town, akaulizia hadi akafika ofisini. Mkuu wa shirika alikuwa Mmalawi aliyewahi kuishi Mbeya, Kiswahili kilimtoka vizuri. Alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tunajua, mama," alisema kwa upole. "Vifaa vile ni vya gharama. Wafadhili wakija, lazima wavikute vizima. Vuta subira."

Tunajua! Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Hubert aliogopa, angalau. Huyu hakuogopa chochote.

"Zikomo," Maimouna alishukuru kwa Kichewa, meno yamekazana, akaiacha chai mezani. Kwenye duka la Mhindi karibu na stendi akanunua bisibisi.

Kesho yake, jua likiwaka na watu wakipita, alifungua bawaba za mlango, moja baada ya nyingine, akauegemeza ukutani na kufuli lake. Watoto walimiminika ndani hata wakamsukuma.

Hubert alikuja mbio. "Umeniua, Mama Safi!"

"Sikukuua. Nimefungua mulango. Ukitaka, rudisha. Batoto bako ndani, bafungie."

Hubert alisimama pale, mikono kichwani. Hakuurudisha. Wiki ile ile Maimouna alifukuzwa kazi.

Vifaa havikumaliza mwaka. Kioo kilipasuka, magurudumu yakang'oka, mifereji ikajaa tope. Wageni walikuja, wakachungulia, wakaondoka bila kupiga picha. Shirika likaenda kufungua nyumba nyingine Nathenje.

Hubert hamsalimu hadi leo. Na wapo wanaomlaumu Maimouna, hata anapokaanga mandazi sokoni.

"Si wewe uliharibu ile nyumba?" mwanamke mmoja alimwuliza.

"Niliharibu nini? Mizani ilivunjika kwa sababu batoto kumi balipanda upande moja. Balitaka kujua kama banapita Sinzinkayo uzito." Sinzinkayo ni muuza nyama, jitu la watu.

"Balimupita?"

"Balimupita."

Mwanamke alicheka. Maimouna hakucheka. Aligeuza andazi kwa nguvu, mafuta yakaruka.

"Na ingekuwa ingali nzima," alisema, "bangejuaje?"