Jirani Mpya Aliniita Dada wa Kazi Mlangoni Kwangu

Umewahi kupangiwa kuosha vyombo ndani ya nyumba yako mwenyewe?

Mimi yamenikuta. Saa nne asubuhi, jua linawaka, funguo ziko mkononi.

"Aa, wewe ndiye dada!" Alikuwa mwanamke aliyekaa kwenye kibaraza cha jirani na cherehani yake. Simjui, hanijui. "Mama ametoka kidogo. Alisema dada anakuja leo. Ingia tu, anza na vyombo."

Mama gani tena?

Nikamkagua kuanzia kilemba mpaka kandambili. Mimi, muuguzi mkuu mstaafu, niliyewanyoosha madaktari wadogo miaka thelathini, leo niitwe dada wa kazi na mpachika vifungo?

"Hii nyumba ni yangu," nikamwambia.

"Sawa, dada," akajibu, macho yake kwenye sindano. "Vyombo viko jikoni."

Niwaeleze kidogo. Mimi na mume wangu tuna kijumba huku milimani. Joto likianza mjini tunapanda, likiisha tunashuka. Miezi minane kinabaki kimefungwa.

Mume wangu nilimbatiza Taratibu. Akiinama kufunga kamba za viatu, wewe unaweza kufua, ukaanika, ukaanua. Siku hiyo alikuwa bado kule kwenye gari, anahesabu mabegi ambayo ni mawili tu.

Sasa, siku ya kwanza ya kurudi huku huwa ni adhabu. Utando wa buibui, mavi ya panya kabatini, bomba linakohoa maji ya kutu, godoro linanuka unyevu. Ndiyo maana nilikuja na glavu zangu.

Nikafungua mlango. Nikapokelewa na harufu ya sabuni.

Mapazia yamefuliwa. Bomba linatoa maji meupe. Lile dirisha ambalo Taratibu aliahidi kulirekebisha miaka mitatu, linafunga! Bafuni kuna mswaki mmoja, bado umelowa. Na chini ya kitanda changu, ndala za kike.

Mwenzenu nilizivuta nje nikazipima na mguu wangu.

Taratibu akaingia. Akatua begi la kwanza. Akatua la pili. Akayapanga.

"Nani anakaa humu ndani?"

"Mama watoto, wiki nzima nakwambia kuna jambo nataka tuzungumze..."

"Kumbe jambo lenyewe linavaa ndala!"

"Siyo unavyofikiri."

"Mimi sifikiri. Naona."

Nikacheka kwa dharau. Jamani, nani wa kuniibia Taratibu? Amchukue na kikohozi chake! Lakini macho hayakutoka kwenye zile ndala, nisiwadanganye.

Mlango ukasukumwa. Mwanamke akaingia na kikapu cha mboga, kakibeba kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wangu. Kitinda mimba wetu.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. Huyu binti ukoo mzima ulikuwa unamtafuta miezi saba. Alimtoroka mumewe, Mwalimu, mtu wa watu, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi. Habari zilisema amekimbia na dereva wa lori. Na aliyezisambaza kuliko wote, nasema bila kujificha, ni mimi. Kwenye kikao cha familia nilisimama nikamwita malaya.

"Kwa hiyo dereva wako yuko wapi?" nikamuuliza. "Kaenda kuongeza upepo?"

Akatua kikapu. Akanyoosha mkono wa kulia, yaani akajaribu. Ulikomea katikati. Kiwiko kilikataa.

"Hakuna dereva, dada. Hajawahi kuwepo."

Nikautazama ule mkono. Mfupa ulivunjika, ukaunga vibaya. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwezi wa kwanza angeona.

Na mimi niliuona ukiwa bado mbichi. Alikuja kwangu, ameufunga kwa kitenge, akasema ameteleza bafuni. Nikataka kuamini, nikaamini. Aliponiambia hataki kurudi kwa mumewe, nilimjibu, "Ndoa si daladala, unashuka popote." Nikamtolea na nauli ya kurudi.

"Kutoka kwako nilimpigia shemeji," akasema. "Nilimwambia sina pa kwenda. Akanifuata stendi, akanileta huku."

Nikamgeukia Taratibu. "Miezi saba! Hukuniambia!"

"Ningekwambia, Mwalimu angejua kabla chai yako haijapoa."

Nikafungua mdomo nimjibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwalimu alikuja kwangu juzi. Alilia sebuleni, machozi ya kweli, nikampa leso yangu. Nikamwonea huruma, nikamwambia, "Shemeji, njoo kule mlimani upumzike nasi." Nilitaka kumfanyia Taratibu mshangao.

Simu ikaita.

"Shemeji! Nimeshuka hapa stendi. Napita njia ipi?"

Mdogo wangu aliisikia ile sauti. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akabaki kaukumbatia ule mkono.

"Usitoke hapo stendi," nikamwambia Mwalimu. "Tunakuja kukupokea."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, Taratibu alinitangulia. Alikuwa barabarani viatu havijafungwa. Fundi cherehani nikamwomba akakae ndani na mdogo wangu. Akaniangalia usoni, hakuuliza, akaacha nguo chini ya sindano.

Mwalimu alikuwa kasimama na kikapu cha matunda, shati limepigwa pasi, tabasamu hadi masikioni.

"Basi la kurudi linaondoka sasa hivi," Taratibu akamwambia. "Panda."

"Mzee, kulikoni? Kama kuna mtu kawajaza maneno, wanawake si unawajua..."

"Tena namjua mmoja," nikadakia, sauti ile ya wodini. "Yule uliyemvunja mkono!"

Stendi nzima iligeuka. Wapiga debe wakanyamaza, fikiria hilo!

Nikadhani atakana. Atalia tena. Wapi! Tabasamu lilifutika na lile jicho la upole likaondoka nalo.

"Kwa hiyo yuko kwenu," akasema polepole. "Angejifunza kunyamaza, mkono ungekuwa mzima."

Mbele ya watu wote. Mwenyewe. Kwa mdomo wake.

Akapandishwa basi kwa kusukumwa, matunda yakibiringika chini. Siku ya pili tulikwenda polisi, na kondakta pamoja na mama muuza maji wakaandikisha walichosikia. Kesi inaendelea.

Mdogo wangu bado anakaa na sisi. Ananisalimia, ananipikia, lakini habari zake anampa shemeji yake. Simlaumu. Kwenye kikao kilichofuata nilisimama tena, nikalifuta lile neno malaya mbele ya wale wale niliowaambia. Shangazi mmoja akasema najidhalilisha. Nikamwambia bado sijamaliza.

Ndugu msomaji, nilijua kudharau kila mtu: fundi, mume, damu yangu mwenyewe. Aliyestahili dharau ndiye niliyempa leso.

Ukisikia mwanamke amekimbia, usikimbilie kuuliza amekimbia na nani. Uliza amekimbia nini.