Diski ya Nedyalka, Mchapaji wa Tanzia

Kwa miaka ishirini na mitatu Nedyalka alichapa tanzia za mji wa Lom, zile karatasi zenye picha ya marehemu zinazobandikwa milangoni. Marehemu mmoja hurudi kwake mara nyingi: siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, kisha kila mwaka maadamu yupo wa kumkumbuka. Wafiwa huja mikono mitupu. "Nedyalka, picha unayo." Anayo. Nyuso elfu nne, zote ndani ya kompyuta moja kuukuu.

Jumatatu kompyuta ikaanza kugongagonga ndani. Nedyalka akafunga duka, akaenda kwa Zdravko, muuza vifaa.

"Shangazi, umekuja kunipiga picha? Mimi bado nipo nipo!"

"Wewe nitakuchapa bure. Nipe diski ya kuhifadhia nyuso. Isiyokufa."

"Isiyokufa? Na wewe ndiye unayetuzika!" Akaweka mbili mezani. "Hii nene ina nafasi tele, ila ndani kuna sahani inazunguka. Ikianguka, kwisha. Hii nyembamba haina kinachozunguka, lakini nafasi chache, bei ghali."

Nedyalka aliipima ile nyembamba kiganjani. Nyuso hazihitaji nafasi kubwa. Tena ingeingia mfukoni mwa aproni, asiiache dukani peke yake.

"Anza leo hii," Zdravko alisema, sasa hacheki. "Inayogonga haingoji."

Dukani kwake, kompyuta ilitoa picha moja moja, kwa shida. Nani kwanza? Kazi ilidai waanze wale wenye tanzia za wiki hii. Nedyalka akaanza na wale ambao nyumba zao zimepigiliwa mbao madirishani, watoto wako Uhispania na hawapokei simu: Gergin mhunzi, Vitka mkunga, mapacha wa mtaa wa kiwandani. Alipofika mia tatu na kumi na mbili, kugonga kukakoma. Kioo kikawa cheusi.

Asubuhi akaja Tsonka, mjane. "Miezi sita ya mzee wangu. Picha unayo."

"Sinayo tena. Kaniletee nyingine."

"Miezi sita tu, ushampoteza? Mimi nilikuachia wewe!"

Nedyalka akaigusa diski mfukoni mwa aproni.

"Na marehemu mume wako, Metodi?" Tsonka aliuliza, sauti ikishuka.

"Naye hayumo. Nina picha zake nyumbani. Mimi nipo wa kuzileta. Wale niliookoa hawana mtu."

 Tsonka akafunga kitambaa chake cha kichwa, akaenda nyumbani kupekua kabati.