Siku Niliyovaa Kofia ya Babu wa Ngalula

Leo naweza kuisimulia kwa sababu yameshapita, lakini siku ile, jamani, ardhi ya Dilala, mtaa wa Kolwezi, ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa (na kuingia ardhini kwangu si jambo geni, ndiyo kazi yangu, nachimba shaba na kobalti kule kwenye mgodi wa Mashamba), ila siku ile ningeingia nisitoke tena. Mpaka sasa nikipita mahali nikaona turubai la kilio limefungwa, shingo inanipata moto. Nilijiaibisha mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa shati jeupe la kuazima.

Nilikuwa nimemchumbia Ngalula. Kwao ni watu wa Kasai, wazee wao waliletwa zamani kufanya kazi migodini, wakabaki, wakajenga jina, watu wa kanisa, watu wa kukunja nguo kabla ya kuziweka kabatini. Mimi natoka Moba, kando ya ziwa, nilikuja Kolwezi na koleo na mdomo wangu tu. Posa walikuwa wameipokea, lakini jibu walikuwa bado wamelikalia, hasa mama yake, ambaye kila nilipotajwa alikuwa anauliza kama yule kijana wa mashimo bado yupo. Ndipo babu yake Ngalula, baba mzazi wa huyo mama, akafariki, na kila mtu akaelewa kwamba kwenye kilio hicho nitapimwa.

Ngalula akanisubiri kando ya barabara, macho yamevimba, anifundishe kabla sijafika nyumbani kwao. Akaniambia, "Unaingia kimya, unaikala chini, unashika shavu. Hausalimie mutu na mukono. Bakikupa chakula unakula. Merci hausemi, na wakati ya kutoka hauage. Tunashukuru nini, kifo?" Nikatikisa kichwa, nimeelewa. Akaendelea, "Sasa mukwe naye, ye..." na hapo, wapendwa, ndipo nilipouchimba mtego wangu mwenyewe, maana nilimkata maneno nikamwambia, "Ngalula, hata kwetu batu banakufaka. Mi najua kilio." Akaniangalia kidogo, akaitwa na shangazi zake, akaenda. Somo likaishia nusu.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Niliingia kimya, nikakaa chini pamoja na wanaume chini ya turubai, nikashika shavu. Mama mkwe (nilikuwa nimeshaanza kumwita hivyo kichwani, kimbelembele changu) alikuwa mlangoni amekaa juu ya mkeka na wanawake wengine, kitenge kichwani. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililoniharibu. Mtu ukija kupimwa halafu hakuna anayekupima, unaanza kutafuta njia ya kuonekana.

Mara wajukuu wakatoka ndani. Marehemu alikuwa kapita wa zamani mgodini, msimamizi mkali aliyeamsha watu kwa filimbi, na wajukuu wake walikuwa wamevaa vitu vyake, mmoja koti la kazi, mwingine viatu vikubwa, mwingine kofia ngumu ya mgodini, wanaigiza anavyotembea, wanapiga filimbi, wanawaambia waombolezaji wamechelewa kazini. Watu wakacheka huku wanalia. Na mimi nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu hiyo naijua! Kwetu watani wanakuja kilioni kufanya hivyohivyo, kumtania marehemu na wafiwa mpaka huzuni ilegee, na hakuna pole inayoshinda hiyo. Nikajipigia hesabu yangu: Ngalula ni mjukuu, mimi ni wa Ngalula, basi na mimi ni mjukuu. Nikasimama. Yule mwenye kofia alipopita karibu nikaitwaa, nikaivaa, nikamchukulia na fimbo aliyoshika.

Na niliigiza vizuri, hilo nalisema hata leo. Mgongo nikaupinda, sauti nikaikwaruza, nikauliza mbona zamu nzima imelala, nani amekula mshahara bila kutoa jasho, na watu wachache wa nyuma wakacheka (wale wasionijua), nikavimba kichwa. Nikazunguka turubai lote mpaka mlangoni, nikamnyooshea fimbo mama mkwe wangu, mimi, kwa mkono wangu huu, nikamwambia, "We mutoto wangu, bado umelala? Niletee maji nioge, kazi inanipita."

Filimbi ilinyamaza. Mama yule alivuta kitenge akafunika uso wote, akainuka akaingia ndani, na wanawake wakainuka wakamfuata mmoja baada ya mwingine mpaka mkeka ukabaki mtupu. Nyuma yao nikamwona Ngalula, mkono mdomoni.

Kaka mkubwa wa mama yule, mzee Kalonji, akaniita katikati. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha, alikuwa ananiuliza taratibu kama mtu anayefundisha mtoto.

"Hii kofia njo ya nani?"

Nikasema ni ya tata mzee, yaani baba mzee, marehemu.

"Na bale banavaa bintu yake, ni banani?"

"Bajukuu, tata."

"Basi na weye ni mujukuu?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nikaona mlango umefunguliwa, nikapita mbio, nikasema, "Ndiyo, tata."

Mzee akawageukia watu wote. "Mumesikia. Ni mujukuu. Ngalula ni dada yake." Akaninyooshea kidole. "Tumepata mutoto, tumekosa mukwe."

Hakuna aliyecheka. Nilibaki na kofia kichwani, nikiogopa kuivua na nikiogopa kubaki nayo, nikiona maisha yangu yamefungwa kwa maneno ambayo nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mashahidi. Mwishowe nikaiweka chini polepole. Ilunga, rafiki yangu niliyekuja naye kutoka mgodini, akaninong'oneza tutoroke, kwa kuwa kuaga hakuruhusiwi na hakuna atakayetuuliza. Nilikuwa nimeshageuka. Ngalula akapita na beseni, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Bakwe biko ku makaburi, banachimba. Mukwe hacheke, haseme, anachimba. Njo nilitaka kukuambia. Kama we ni mukwe, unafanya nini hapa?"

Nilifika makaburini mbio, sijui hata kama nilivuka barabara salama. Nikamkuta mume wa dada mkubwa wa Ngalula, mtu wa ofisini, viganja vimejaa malengelenge, akanikabidhi koleo kama anayenikabidhi mtoto wake. Nikaingia na shati lile jeupe. Na kwa kuwa kichwa hakikuwepo, mikono ilifanya kile inachokijua, nikachimba nikipita kipimo, nikaanza na kutoboa ukuta wa pembeni kama ninayefuata mshipa wa madini, mpaka wakaniita juu wakaniambia tunazika mtu hapa, hatutafuti kobalti. Walinivuta kwa kamba jeneza likiwa limeshafika. Familia nzima ikaniona natoka kaburini mwekundu kwa udongo kuanzia nywele. Nikaenda kusimama nyuma kabisa, macho chini.

Tuliporudi na kunawa mikono, sikukaribia turubai, nilikaa ukutani peke yangu. Nilijua nikisahaulika kwenye chakula cha wakwe, basi nimeshakuwa kaka wa mtu. Sahani za bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, zikaanza kutoka, za wazee, za wajukuu, na sikuitwa. Halafu nikasikia sauti ya mama yule kutoka ndani, anazungumza na wanawake bila kutokeza.

"Bapelekee bakwe. Bote. Na ule wa udongo."

Ngalula mwenyewe ndiye aliyeniletea. Na asante ikanipanda kooni, asante kubwa, na Mungu akubariki mama, vyote vimeshafika nyuma ya meno, na Ngalula akaona, macho yakamtoka. Nikakata tonge kubwa la bukari likiwa bado la moto kutoka jikoni, nikajiziba nalo mdomo. Liliniunguza mpaka machozi yakanimwagika mashavuni, na wanawake mlangoni wakaambiana, kumbe huyu kijana ana huruma, tazama anavyolia.

Tumeoana. Na tangu hapo mtu akinifundisha jambo namwacha amalize, hata kama nalijua, hata kama ananifundisha kuchimba. Ngalula hajawahi kunisema kwa siku ile. Ila nikianza ukaidi nyumbani, hagombani nami, ananiita tu "yaya", jina la kaka mkubwa, na mimi nachukua ndoo, naenda kuteka maji.