Kumtafuta Pascal Kwenye Mabwawa ya Mto Umgeni

Mdogo wangu Pascal alipoacha kupokea simu, mwanzoni nilidhani chaji imemwishia. Alikuwa kibarua kwenye shamba la mboga karibu na bwawa la Albert Falls, kupita Pietermaritzburg, na huko umeme ni wa kubahatisha. Alikwenda huko mwaka ule wa 2015, baada ya saluni alimokuwa akinyoa watu katikati ya Durban kuvunjwa na kuchomwa moto. Wageni walikuwa wanashambuliwa, na wengi wetu tulikuwa tumefunga maduka. Wiki zikapita, simu yake kimya, na mama yetu huko Bukavu, Kongo, akawa ananipigia kila jioni.

"Papa Neema, utaenda na taksi?" mke wangu aliniuliza.

"Hapana. Kwenye taksi banakuongelesha Kizulu, na ukijibu vibaya banakushusha. Nitaenda na kinga," nilimjibu. Kinga ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. "Mwenye kinga anapita tu. Hakuna mwenye kumuuliza kitu."

Alinifungia mikate na mayai ya kuchemsha.

Alfajiri niliondoka Sydenham, nikapita Westville kabla magari hayajajaa. Pinetown nilisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na taksi, basi dogo lililojaa abiria, ikaja kusimama ubavuni mwangu. Abiria mmoja alitoa kichwa dirishani akaniambia neno ambalo sikulishika. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia, nikaangalia mbele. Roboti ilipowaka kijani nilikanyaga pedali, na mlima mkubwa wa kupandia Hillcrest ulikuwa bado. Anayepita njia hii ajue kwamba malori yanashuka pale kwa kasi, na ukingo wa barabara ni mwembamba. Nusu ya mlima niliisukuma baiskeli kwa mkono.

Botha's Hill nilipumzika. Kutoka pale unaliona bonde lote, vilima vimepangana hadi mwisho wa macho, na chini kabisa bwawa la Inanda limeingia katikati yao kama vidole. Jumapili nyingi tulifika hapa mimi na Pascal. Yeye ndiye aliyekuwa na mpango wa kufuata mto Umgeni kwa baiskeli, bwawa moja baada ya jingine, Inanda, Nagle, Albert Falls, mpaka Midmar. Alisema mahali hapa pangekuwa Kivu, ziwa la kwetu, kama si baridi. Siku hiyo ukungu ulikuwa unapanda kutoka majini, na sikukaa sana.

Jioni nilifika Cato Ridge. Kwenye yadi ya malori kuna mlinzi Mtanzania, Mzee Juma, ambaye nilimjua kwa sababu alinunua simu dukani kwetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We Mkongo, unatembea na baiskeli siku hizi? Umechoka kuishi?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa godoro lake na chai ya tangawizi. "Mtu mzima hazimi simu wiki zote hizo, bwana," alisema. "Nenda, lakini jiandae." Usingizi haukuja.

Kulipokucha nilipita Camperdown kwenye mvua nyepesi. Pietermaritzburg sikukaa, nilishika barabara ya kaskazini, ya kwenda Greytown. Huko nchi inalegea, miwa kushoto, misitu ya mikaratusi kulia, na malori ya mbao yanakurushia matope. Kisha bwawa likatokea, pana, la kijivu, na miti mikavu imesimama ndani ya maji. Nilipouliza njia walinielekeza kwenye mfereji wa saruji unaopeleka maji mashambani. Kandokando yake kuna kinjia kizuri cha baiskeli, sawasawa, bila kilima. Ningekuwa na moyo mwepesi ningekifurahia.

Msimamizi wa shamba nilimkuta kwenye banda la pampu. Nilipotaja jina la Pascal alisema hapa hakuna Mkongo, hapajawahi kuwa. Nikamwonyesha picha kwenye simu yangu. Aliitazama, akavua kofia.

"Huyu ni Sipho," alisema, akitaja jina la Kizulu. "Nenda kwa MaMkhize, kwenye jiko la wafanyakazi. Yeye atakwambia."

MaMkhize ni mjane, mnene, mwenye sauti ya chini. Nilimwambia kwa Kizulu changu cha dukani kwamba mimi ni kaka wa yule kijana. Alizima gesi, akakaa mbele yangu. Akasema mvua kubwa ilikuwa imenyesha, majani yakaziba lango la mfereji, na Sipho akatumwa kuyatoa. Aliteleza. Maji yakamvuta na kumkandamiza kwenye vyuma vya lango, na walipofunga pampu alikuwa amekwisha. Simu ilizama naye. Polisi walimchukua, hakuna aliyekuja kumdai, na mwisho angezikwa na manispaa bila jina. Yeye MaMkhize ndiye aliyekwenda kuuomba mwili. Akamzika kwenye makaburi ya familia yake, karibu na mumewe.

"Ulijua kwamba si Sipho?" nilimuuliza.

"Nilijua. Akiwa peke yake alikuwa anaimba, na haikuwa lugha yetu. Nilimwachia jina lake la kujifichia."

"Mbona ulimzika kwenu, mama?"

"Alikuwa anakula kwangu," alisema.

Alinipeleka kaburini. Kulikuwa na mawe na kibao cha mbao. Aliniuliza jina lake hasa, kisha akaniuliza kama nitamchukua. Nilisema hapana, akae. Mpaka leo sijui kama nilisema vizuri. Nilianza kulia pale, naye akanishika bega mpaka nikamaliza.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilikwenda langoni. Maji yalikuwa yametulia, safi hata unaona chini, na majani machache yamelalia vyuma.

Kurudi, sehemu kubwa ya njia inateremka. Kwa Mzee Juma nilisimama kumpa habari, akaniombea dua, nami nikaendelea. Njiani niliwaza kwamba Pascal alilificha jina lake ili aishi, na kujificha huko ndiko kulikotuchelewesha. Nilijifunza kwamba mtu unaweza kumtafuta kwa nguvu zako zote na bado ukafika baada ya wengine kumaliza kumhudumia.

Durban nilimpigia mama. Nilimweleza yote, taratibu.

"Balimuvalisha viatu?" aliuliza mwishowe.

Nilikuwa nimeuliza kina cha mfereji, na nani alimtuma, na nani alizima pampu. Hilo sikuliuliza. Nikampigia MaMkhize kwenye namba aliyoniachia.

"Viatu vilikwenda na maji," alisema. "Nilimvalisha soksi za mume wangu, zile za sufu. Huku kuna baridi."

Nilimpigia mama tena, nikamwambia hivyo. Akaniuliza zilikuwa rangi gani, lakini kabla sijajibu alikuwa ameanza kulia.